Nani Aliyapandisha Maji Kidichi?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwa maandishi, juma hili nakuomba tupande pamoja kilima cha Kidichi. Njia unaijua. Ukitoka mjini unakwenda kaskazini kwa barabara ya pwani, unapita Maruhubi, unapita Mtoni, unafika Bububu, kiasi cha kilomita 10 hivi, kisha unakata kulia na kuanza kupanda. Mashamba ya minazi yanakuacha, unaingia kwenye mikarafuu na mashamba ya viungo, na juu kabisa, mahali ambapo upepo hauna wa kuuzuia, unakuta jengo jeupe lenye makuba. Hilo ndilo hamamu la Kidichi.

Watembezaji wageni wana hadithi yao pale, nayo ni nzuri. Watakwambia habari za mapenzi ya mfalme na mke wake wa Kiajemi, watakuonesha maua na ndege waliochongwa kwa chokaa ukutani, tausi na mitende, na watakuonesha vitundu vya kwenye kuba vinavyoingiza mwanga. Wageni hupiga picha, hununua iliki na mdalasini, hushuka. Mara zote nilizopanda kilima kile sijapata kumsikia hata mtu mmoja akiuliza suali ambalo kwangu mimi ndilo la kwanza. Hamamu ni nyumba ya maji. Nyumba ya maji imejengwa juu ya kilima, katika sehemu iliyo miongoni mwa zilizoinuka kabisa katika Unguja nzima. Je, maji yalifikaje?

Tuanze na mwenye nyumba. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, na kisiwa hiki akakifanya kisiwa cha karafuu. Miche ya mwanzo ilikwishapandwa Mtoni na Kizimbani, mnamo mwaka 1818 hivi, na Saleh bin Haramil al-Abri. Baadaye Sayyid Said akalichukua shamba la Kizimbani likawa lake, na mikarafuu ikaenea kote huku. Katika wake zake alikuwamo Shahrazad, mjukuu wa Fath Ali Shah, mfalme wa Uajemi. Binti Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake huko Ujerumani zikachapishwa mwaka 1886, anamkumbuka mwanamke huyu kuwa ni mtu wa fahari kubwa, aliyependa kupanda farasi na kuwinda. Kwa ajili yake ndipo likajengwa hamamu hili, mwaka unaotajwa ni 1850, ili wakitoka kuwinda au kukagua mashamba wapate mahali pa kuoga na kupumzika. Ndani yake mna chumba cha kubadilisha nguo, birika za kuogea, mahali pa kukandwa mwili, na jiko la kupashia maji moto.

Mapambo yale ya ndege, kwa mtawala wa Kiibadhi, ni jambo la kustaajabisha, na wataalamu wa majengo wameliandika sana. Mimi leo nayaacha mapambo. Nayataka maji.

Maji, ndugu msikilizaji, ni mzigo. Tumezoea kuyaona yakitiririka tukasahau kwamba yana uzito. Lita moja ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mwanamke aliyeitia kichwani hahitaji mwalimu wa kumwambia. Sasa uyasimamishe maji hayo ndani ya bomba lililosimama wima. Kila tone linalalia lililo chini yake, na la chini kabisa linabeba mzigo wa yote. Ndio msukumo huo, ambao vijana wa skuli wanauita kanieneo na mafundi wa mifereji wanauita presha. (Wenzetu wa Bara mfereji kwao ni mtaro, sisi huku mfereji ni ule unaoufungua ukakinga ndoo.) Kipimo chake ni chepesi kukumbuka: kila mita 10 za maji yaliyosimama zinazidisha msukumo kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote inayotulemea sisi hapa ufukweni.

Jambo la ajabu ni kwamba unene wa bomba hauhusiki. Simon Stevin, mtu wa Nchi za Chini huko Ulaya, alilieleza hilo mwaka 1586: msukumo wa maji yaliyotulia unafuata kimo chake, haufuati wingi wake. Husimuliwa kwamba Mfaransa Blaise Pascal alichukua pipa lililojaa maji, akalichomeka juu yake kijibomba chembamba kirefu, akamimina vikombe vichache tu vya maji kwenye kijibomba, na pipa likapasuka. Kisa hicho pengine kimetiwa chumvi, lakini hesabu yake ni sahihi. Vikombe vichache vikisimama kwa kimo cha mita 10 vinasukuma sawasawa na ziwa lenye kina cha mita 10.

Hilo ni upande wa kushuka. Upande wa kupanda hesabu ni hiyo hiyo, ila sasa wewe ndiye unayelipa. Kila mita ya kuyapandisha maji ina bei yake, na bei hiyo haipunguzwi kwa ujanja wo wote. Wako waliodhani kwamba unaweza kukaa juu na kuyavuta maji kwa pampu, kama mtoto anavyofyonza dafu kwa mrija. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, anazitaja pampu zilizoshindwa kuyavuta maji kupita kiasi cha mita 10 hivi, na miaka mitano baadaye mwanafunzi wake Torricelli akapata sababu. Kumbe pampu ya kuvuta haivuti kitu. Inaondoa hewa tu, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Uzito wa hewa ukisawazishwa na mita 10 za maji basi mchezo umekwisha, na kwa vitendo, kwa pampu zetu hizi zinazopumua pembeni, mita 7 au 8 ndiyo mwisho. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, lazima pampu ishuke kuyafuata maji chini na kuyasukuma kutoka huko.

Basi lichukue jambo hilo uende nalo Kidichi ya mwaka 1850. Chemchemi za Unguja hazitoki vileleni. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe yanayokunywa mvua kama sponji. Maji yanazama, yanatembea chini kwa chini, yanatokea pale ardhi inaposhuka, kama Bububu na Mtoni. Mito yetu yenyewe ni michache, na mingine inatoweka ardhini kabla ya kuiona bahari. Kwa hiyo mwenye kutaka kuoga kileleni hana budi ama achimbe kisima kirefu au ayatoe maji bondeni. Njia zote mbili zinamaanisha kupandisha, na kupandisha kunataka nguvu. Uingereza wakati ule walikuwa na mitambo ya mvuke ya kunyonyea maji ya migodini tangu mwaka 1712. Kidichi palikuwa na mikono ya watu.

Tufanye hesabu ya kukisia. Tuseme birika na jiko na kumwagiwa mgeni kunataka lita 2,000 kwa siku moja ya kuogea. Hizo ni ndoo 100 za lita 20, yaani tani 2 za mzigo. Zote zinapanda kwa kamba ya kisima au kichwani. Na kuni za jiko nazo zinabebwa. Shamba la karafuu la zama zile lilikuwa shamba la watumwa. Karafuu ikichumwa na watumwa, na maji yakibebwa na watumwa. Mkataba wa kulifunga soko la watumwa ulikuja mwaka 1873, na amri ya kuuondoa utumwa kisheria hapa Unguja ilitoka mwaka 1897. Hamamu lilikuwa na umri wa karibu miaka 50 siku hiyo. Kwa hiyo mtembezaji akiniambia kwamba jengo lile ni ukumbusho wa mapenzi, simbishii, lakini mimi nikiliangalia naiona kamba ya kisima.

Wala tusidhani Waarabu wa Oman na Waajemi hawakujua elimu ya maji. Walikuwa mabingwa. Uajemi wana kanati zao, njia za chini ya ardhi zinazoyatoa maji mlimani mpaka kijijini bila ya pampu wala ndoo. Oman wana falaji, na mwaka 2006 falaji tano za huko, zikiwamo Daris na Al-Khatmeen, ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Siri yao yote ni mteremko. Maji hayabebwi, yanaachiwa.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja la mafundi wa falaji, kwa sababu limo ndani yake somo zima la leo. Falaji ikifika kwenye bonde la mto mkavu, ambao ukipata mvua hugeuka gharika, haiwezi kupita juu kwa wepesi. Wanachofanya ni kuchimba shimo la kusimama wima ukingoni, maji yanatumbukia, yanapita chini ya bonde kwa njia iliyofunikwa, kisha yanapanda kwa shimo jingine la kusimama wima upande wa pili na kuendelea na safari. Mtu asiyejua huona miujiza, maji yanapanda yenyewe! Hayapandi yenyewe. Yanasukumwa na wenzao walio katika shimo la kwanza. Bomba mbili zilizosimama, zimeunganishwa chini, zinapimana kama mizani.

Lakini fundi wa falaji hukitoboa kitundu cha kutokea chini kidogo kuliko cha kuingilia. Si sana, ila lazima kiwe chini. Kwa nini? Maji yakiwa yametulia, pande mbili zingelingana sawasawa, na hapo yasingekwenda popote. Ili yatembee ni lazima yajisugue na kuta, yajisugue na yenyewe kwa yenyewe, na msuguano huo unakula sehemu ya msukumo. Tofauti ile ndogo ya vimo viwili ndiyo ushuru wa msuguano. Wazee wale hawakuwa na fomula, lakini ushuru waliujua, na waliulipa mapema kabla hawajadaiwa.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo watu wengi huichanganya, nami naomba univumilie niirudie. Uzito wa maji unadai wakati wote, maji yatembee yasitembee. Mita moja ni mita moja. Msuguano hudai pale tu maji yanapotembea. Maji yakipanda bombani, madai yote mawili yako dhidi yako. Yakishuka, uzito unakuongezea na msuguano unakupunguzia. Na ikiwa yanashuka kwa kasi kubwa mno, msuguano unaweza kuula msukumo wote ulioongezwa na uzito, mita kwa mita, hata maji yakafika chini mbio lakini hayana nguvu ya kupanda tena popote.

Ukitaka kuliona hilo huna haja ya kwenda Oman. Nenda Mji Mkongwe mvua ya masika inapopiga. Bomba la kushushia maji ya darini, kwenye nyumba ya ghorofa tatu, kimo chake ni kiasi cha mita 12. Mvua ikimiminika, maji yanashuka yakiambaa na ukuta wa bomba, katikati mna hewa, na bomba halihisi kitu. Ndiyo maana hata bomba jembamba la bati linatosha. Sasa majani na takataka zizibe chini. Maji yanajaa kutoka chini mpaka darini, yanasimama, na pale chini msukumo unazidi ule wa hewa. Viungo vinafumuka na ukuta wa chokaa unakunywa maji wiki nzima. Maji ni yale yale, bomba ni lile lile. Nyumba ngapi zimeoza kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba anailaumu mvua!

Turudi kwenye tarikh. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Mwanawe Barghash aligombea kiti na ndugu yake Majid, akashindwa, na mwaka 1859 akapelekwa uhamishoni Bombay. Bombay ya wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza inaletewa maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar, nje ya mji. Alirudi Unguja, na mwaka 1870 akakikalia kiti.

Alikikalia katika mji uliokuwa unazika watu. Kipindupindu cha mwaka 1869 hadi 1870 kilikuwa kimeukumba mji kwa ukali. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi hapa, alikishuhudia, akafuatilia njia ambazo maradhi yalipita na misafara kutoka bara, na akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Visima vya mji vilikuwa vifupi, vimezungukwa na vyoo. Huko London mwaka 1854 Daktari John Snow alikwishaonesha kwamba maradhi haya yanasafiri na maji ya kunywa. Mji kama wetu, uliojengwa juu ya matumbawe yenye matundu, ulikuwa ukinywa uchafu wake wenyewe.

Barghash akaleta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu na Mtoni. Katika yote aliyoyafanya mtawala yule, na Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 ikiwamo, mimi naiweka kazi hii mbele, ingawa haipigwi picha. Aliyaleta maji kutoka juu kuja chini. Si juu sana, chemchemi hazina kimo cha Kidichi, lakini palikuwa na mteremko, na mteremko ukishapatikana uzito wa maji unafanya kazi usiku na mchana wala hauombi mshahara. Ndipo likawezekana hamamu la mjini, Hamamni, alilolijenga Haji Gulamhussein kwa amri ya Barghash, hamamu la watu wote wenye kulipa kiingilio na si la mke wa mfalme peke yake. Lilifanya kazi mpaka mwaka 1920. Maruhubi nako, kwenye jumba la mwaka 1882 lililoungua mwaka 1899, bado ukipita utaona mabaki ya njia za maji na mahodhi.

Ukiyaweka mahamamu mawili haya pamoja, la baba na la mwana, unaona miaka 30 ya tofauti kuliko ambavyo vitabu vya wafalme vinavyokuonesha. La baba liko kileleni, maji yakipandishwa kwa migongo. La mwana liko bondeni, maji yakija kwa uzito wao. Sisemi Barghash alikuwa mpole kuliko baba yake. Nasema alikuwa ameiona Bombay.

Katika miaka hiyo hiyo Wafaransa walikuwa wakiupima ule ushuru wa msuguano. Mhandisi Henry Darcy, aliyeupelekea maji mji wake wa Dijon, alikaa akipima mabomba ya kila namna, mapya na yenye kutu, membamba na mapana, na mwaka 1857 matokeo yake yakachapishwa. Kabla yake Mjerumani Julius Weisbach alikwishaandika kanuni, mwaka 1845. Majina yao mawili mpaka leo yanakwenda pamoja katika vitabu vya wahandisi. Walichokigundua kinaweza kusemwa kwa Kiswahili cha barazani: ukiyazidisha mwendo maji mara mbili, ushuru unazidi kiasi cha mara nne; na ukilipunguza bomba upana wake nusu, ukitaka maji yale yale yapite, ushuru unazidi kiasi cha mara 30.

Mara 30, ndugu msikilizaji. Chukua bomba la chuma kikuukuu la inchi 4. Likipitisha lita 5 kwa sekunde, linakula kiasi cha mita 8 au 9 za kimo katika kila kilomita. Watu wakazidi, likatakiwa lipitishe lita 10, linakula kiasi cha mita 30. Bomba la inchi 6 kwa lita hizo hizo 10 halifiki mita 5. Tofauti ya inchi mbili tu.

Na hilo ndilo linalonirejesha kilimani. Nina shangazi yangu anayekaa upande huo wa Kidichi, mtu mzima, mchumaji wa karafuu wa zamani. Mfereji wake mchana unakohoa hewa. Saa nane za usiku unatoa maji. Shangazi aliniita nikamwangalie, kwa kuwa alishamlipa fundi mmoja aliyemuuzia tangi kubwa la plastiki, lile tunaloliita simtangi, akamwambia kuwa likiwa kubwa litaleta presha. Tangi la lita 5,000 limewekwa juu ya kibaraza kile kile lilipokuwapo la lita 500. Mfereji wa jikoni uko mita mbili chini yake, na mita mbili ni mita mbili. Stevin alilimaliza suala hilo mwaka 1586, lakini habari haijamfikia fundi.

"Shikamoo shangazi," nilimwambia, "tangi halina kosa, na mfereji hauna kosa."

"Marahaba mwanangu. Basi kosa la nani? Maji hayahaya yanakuja usiku, mchana yanakwenda wapi?"

Yanakwenda kwa walio chini. Alfajiri mifereji yote ya bondeni inafunguliwa, maji yanakwenda mbio ndani ya bomba kuu, msuguano unachukua ushuru wake, na kile kinachobaki hakitoshi kulipa bei ya kupanda mpaka kwake. Usiku watu wamelala, mifereji imefungwa, maji yanakaribia kutulia. Msuguano haudai. Kimo cha tangi la ugawaji kinarudi karibu chote, na maji yanapanda kilimani taratibu. Ndiyo maana matangi makubwa ya kuulisha mji yanawekwa penye vimo, kama Welezo. Lakini kimo cha tangi peke yake hakitoshi ikiwa bomba lililoko katikati lilipimwa kwa watu wa kizazi kilichopita.

Kuna na la hatari zaidi, ambalo nililificha kwa shangazi nisimtie hofu lakini kwenu nalisema. Mfereji unapokohoa na kufyonza hewa mchana, maana yake ndani ya bomba msukumo umeshuka chini ya ule wa nje. Bomba lenye ufa lililojaa msukumo huvuja maji kutoa nje. Bomba hilo hilo likikosa msukumo hufyonza kilicho nje kuingia ndani, na kilicho nje aghalabu ni maji machafu ya mtaroni. Majirani wanaofunga pampu ya umeme moja kwa moja kwenye bomba la mtaa wanalizidisha jambo hilo, kwa sababu wanavuta, na wa juu wote wanafyonzwa. Kipindupindu kiliturudia Unguja mwaka 2015 na 2016. Daktari Christie angelitambua tatizo hilo bila ya kuelezwa mara mbili. Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, inayajua haya, na kazi za kupanua mabomba, kuchimba visima na kuongeza matangi zimefanyika kwa awamu nyingi, Wajapani wakisaidia mojawapo. Naisema habari hii ili mwananchi ajue cha kudai. Akidai tangi, anaweza kupewa tangi. Anachohitaji kilimani pengine ni inchi mbili za upana wa bomba, na valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma.

Nilimweleza shangazi yote hayo, habari ya Stevin na Darcy na mashimo mawili ya falaji, nikichora kwa kijiti mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nitalala, kwa sababu saa nane usiku zitahitajika ndoo kujazwa kabla wa chini hawajaamka, na yeye mgongo unamuuma. Nililala. Zilikuwa ndoo kumi na mbili.